Siku Grainda Iliponivua Nguo Mbele ya Mama Mkwe

Kuna watu upande wa Kendu Bay ambao hadi leo wakikutana na mimi huangalia kwanza kiuno, halafu ndiyo uso, na siwalaumu hata kidogo, kwa sababu kiuno changu wanakifahamu kuliko wanavyolifahamu jina langu. Habari hii nimeikwepa muda mrefu. Mke wangu akitaka kuisimulia mimi hukumbuka ghafla kwamba kuna kitu nimesahau nje. Lakini mmenibana leo, na chai mmeninunulia, basi nisikilizeni niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wanaoongeza chumvi (ingawa hii haihitaji chumvi).

Mnajua kazi yangu. Mimi ni kinyozi hapa Suna, Migori, mashine ya umeme iko mkononi mwangu kutoka asubuhi hadi jioni, na mtu akishika mashine kila siku bila kumkata mteja sikio huanza kujiona fundi wa mashine zote duniani. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia.

Sasa, mama mkwe wangu, mama yake Akinyi, alikuwa na jiko la nje lenye mlango wa mbao uliooza chini, mbwa wa jirani wakiusukuma kidogo tu wanaingia na kula samaki. Mimi na Akinyi tukaamua kumpelekea mlango wa chuma. Niwaeleze kitu hapo, kwa wale ambao si Wajaluo: kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe, yaani maro, huheshimiana kwa mbali. Tangu nioe, huyo mama nilikuwa sijawahi kumshika mkono, salamu zetu zilipita hewani, yeye anaangalia miti, mimi naangalia kuku. Nilimpenda sana, lakini kama ungeniuliza macho yake yakoje nisingejua.

Mlango tukautengenezesha Migori, tukaufunga juu ya pikapu ya rafiki yangu Odhiambo, tukapitia Homa Bay hadi Kendu Bay tukiwa tumevaa kitenge cha kufanana, mimi na Akinyi. Shati langu lilikuwa refu hadi magotini na pana kama pazia la kanisa. Tukakuta hema limewekwa uani, akina mama wa kanisa wamejaa, mchungaji yuko, kuku wanachemka. Kumbe mama mkwe alikuwa amewaita wenzake waje kumshukuru Mungu kwa ajili ya huo mlango.

Mlango ukakataa kuingia.

Ulikuwa mkubwa kuliko fremu, si sana, upana wa kidole tu, lakini chuma si unga kwamba utakanda. (Vipimo nilikuwa nimevitoa kichwani. Tuendelee.) Bahati nzuri shemeji yangu Ouma ni fundi wa kuchomelea na vifaa vyake viko hapo nyumbani. Akaleta grainda, ile mashine ya kukata chuma yenye diski inayozunguka, akaichomeka kwenye ekstensheni iliyopita dirishani hadi kwenye soketi ya sebuleni, akachora mstari kwa chaki, akakata upande wa juu vizuri kabisa. Halafu akagundua hana rodi za kuchomelea bawaba. Akawasha pikipiki aende senta.

"Ora, shemeji yangu, usiguse hii kitu," akaniambia. "Hata kava yake ya kukinga diski nilitoa juzi, sijarudisha. Ngoja nirudi, tumalize pamoja."

"Sawa," nikasema, na wakati huo nilimaanisha.

Nikakaa. Wageni wakaimba wimbo mmoja, wakaimba mwingine, mchungaji akaangalia saa. Mama mmoja mcheshi akauliza kwa sauti, "Na huu mlango utawekwa leo ama tubariki ukuta?" Hema zima likacheka, na mimi nikacheka pamoja nao huku nikisikia joto masikioni. Odhiambo naye akaniinamia akasema, "Si wewe ni mtu wa mashine? Hapo kumebaki kidogo tu." Kweli kulibaki kidogo, mstari wa chaki uko pale, mashine iko pale, stima iko. Nikasimama.

Akinyi akanifuata haraka. "Baba Velma, Ouma amesema ungoje."

"Ni kidogo tu hii."

"Basi vua hiyo shati kwanza. Itashikwa."

Hapa ndipo ninapowaomba mnielewe, kwa sababu mkasa wote umetokana na hapa. Chini ya shati nilikuwa nimevaa vesti ambayo ilikuwa na matundu mengi, moja kubwa mgongoni kiasi cha kupitisha ngumi, na sikuwa tayari kabisa mama mkwe wangu na kanisa lake waone kwamba binti yao ameolewa na mtu mwenye vesti ya namna hiyo. Nikamwambia Akinyi asiwe na wasiwasi. Nikapiga magoti mbele ya mlango, bila miwani, bila glavu, pazia langu la kitenge likining'inia pande zote, nikawasha.

Na ilianza vizuri, hilo lazima niseme. Cheche zikaruka kama fataki, akina mama wakapiga makofi, mimi nikajiona. Kidole kikachoka kushikilia swichi, nikakumbuka nimewahi kuona mafundi wakibonyeza kale kakitufe ka pembeni ili mashine iendelee kuzunguka yenyewe, nikakabonyeza. Odhiambo akatoa simu anirekodi. "Angalia huku kidogo," akasema. Nikaangalia huku kidogo. Nikainua mkono mmoja kumpungia.

Diski ikabanwa kwenye chuma, ikaruka nyuma, ikalamba upindo wa shati langu.

Hamjawahi kuona kitu kikila nguo hivyo. Ilivuta kitenge chote ndani kama mtu anayekunja mkeka, ikapanda nacho kutoka magotini hadi tumboni kabla sijajua niachilie au nishike, na kuachilia hakukusaidia kwa sababu kile kitufe kiliifanya iendelee. Nikasikia mshipi unakatika. Nikasikia baridi tumboni, baridi tu, si maumivu. Mashine ikakwama ndani ya kitenge, juu ya kitovu changu, inanguruma, inatikisika, inatoa moshi, inalegeza kidogo, inajaribu kuzunguka tena. Nikasimama nikimbilie dirishani nichomoe waya, suruali isiyo na mshipi ikashuka hadi vifundoni, waya ukanizunguka miguu, nikaruka hatua kadhaa kama mtu wa mbio za magunia, na nikaanguka chali katikati ya hema, mbele ya viti vya mstari wa kwanza, nikiwa nimevaa boksa ya manjano yenye picha za ndizi.

(Ndiyo, ndizi. Zilikuwa za bei nzuri pale soko la Migori.)

Watu wakatawanyika. Viti vikaanguka. Mchungaji alianza kuomba, lakini alikuwa akiomba huku akirudi nyuma. Odhiambo alitupa simu akaja mbio, akataka kuishika mashine kwa mikono, Akinyi akamvuta kwa kola maana mikono yake ingekatwa pale pale. Nami nimelala nimeishikilia ile grainda kwa mikono miwili ili isiniingie tumboni, naisikia ikisukuma, kitenge kinachanika uzi kwa uzi, na najua kikiisha kuchanika diski itakuwa huru. Niliwaza jambo moja, na halikuwa jambo la maana. Niliwaza kwamba watoto watauliza nilikufaje.

Mama mkwe wangu alikuwa jikoni. Alitoka, akaniona, na hakuja kwangu. Wenzake wote walikuwa wakiniangalia mimi, yeye akaangalia waya. Akauandama kwa mbio hadi dirishani, akaingiza mkono, akavuta ekstensheni kwa nguvu zake zote hadi soketi ikatoka nusu ukutani.

Ukimya ulioshuka hapo, ndugu zangu, sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo.

Ndipo akaja. Nilijaribu kujifunika kwa mikono, na kwa sababu mikono ilikuwa imeshika mashine haikuwezekana. "Mama, usiniangalie," nikamwambia. Hilo ndilo neno la kwanza la maana nililowahi kumwambia mama huyo.

"Nyamaza, baba," akasema. "Mimi nimelea wavulana."

Akafungua leso yake ya juu, akanifunga kiunoni, akachukua ya Akinyi akaikunja, akaikandamiza tumboni pale damu ilipokuwa inatoka, na hakutoa mkono wake hapo. Tulipandishwa kwenye pikapu, Odhiambo akaendesha huku akilia (anakataa, lakini alilia), na njia nzima hadi hospitalini yule mama ambaye hatukuwa tumewahi kusalimiana naye kwa mkono alikaa nyuma na mimi akikandamiza kidonda changu, na nilipoanza kusinzia alinipiga kofi dogo shavuni.

"Usilale. Ongea."

"Niongee nini, mama?"

"Chochote. Niambie vile mlango ulikuja mkubwa."

Nikamweleza habari ya vipimo. Alicheka hadi mkono ukatikisika kwenye kidonda, nikaumia, nikacheka pia. Macho yake ni ya kahawia, ile kahawia ya chai ya rangi. Sasa nayajua.

Daktari alinishona. Akaniambia mshipi ndio ulionisaidia, diski ilimaliza ukali wake kwenye kile chuma cha kufungia mshipi, la sivyo ingefika mahali ambapo yeye hangeweza kushona. Alisema hivyo bila kuinua kichwa, kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Ouma alitukuta hapo hospitalini, bado ana rodi mkononi. Nilimngoja anikaripie, nilikuwa nimestahili. Badala yake akaketi kwenye benchi, akafunika uso. "Kava niliitoa mimi," akasema. "Nilikuwa na haraka. Na nikaenda nikaiacha kwa stima." Nikamwambia ni mimi niliyeambiwa ningoje nikakataa kungoja. Tukabishana hivyo, kila mmoja akivutia kosa kwake, hadi nesi akatuambia tupunguze sauti. Siku hizi ukienda kwake utaona kava iko mahali pake, na hamwachii mtu mashine bila kuchomoa plagi na kuiweka mfukoni mwake.

Nilidhani aibu ndiyo itakuwa kubwa. Na ilikuwako, kwani mzee mmoja wa ukoo alisema kwamba maro akishaona mkwe wake hivyo, lazima kuwe na mbuzi wa kusafisha jambo hilo. Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho kwa heshima zote, kisha akajibu, "Hakuna mbuzi. Mtoto ako hai, na hiyo ndiyo habari ya kuongea." Mambo yakaishia hapo. Akina mama wa kanisa walikuja hadi Migori kuniona, pamoja na yule mcheshi, ambaye aliniletea mshipi mpya na akashindwa kunitazama bila kuziba mdomo.

Kwa hivyo mkiniona kinyozini nachomoa mashine kwenye stima kabla ya kubadilisha wembe wake, mteja analalamika nimechelewa na mimi namwacha alalamike, msifikiri ni uzee. Kitu chochote chenye umeme na kinachozunguka, nikiambiwa ngoja, nitangoja hadi wageni waote mizizi. Na kabla sijakaa karibu nacho natafuta kwanza mahali kinapozimwa, kwa sababu siku ile kati ya watu wazima wote waliokuwa pale ni mmoja tu aliyekumbuka kuangalia huko.

Kuna jambo moja ambalo hatukulijua siku ile, si mimi, si Akinyi mwenyewe. Alikuwa na mimba changa. Yule mtoto sasa ana meno mawili, na mchana wa Jumapili hakubali kulala kitandani, anataka alale juu ya tumbo langu, kifudifudi, mate yakimtoka. Mkono wangu hufa ganzi. Nzi hutua puani. Akinyi hupita akaniuliza kama anichukulie, nami humwambia, hapana, mwache, mwache hapo hapo.