Tulivyongoja Kompyuta Iharibike

Alasiri moja nilikuwa kwenye saiba hapa Kapkatet, ukungu ukishuka polepole juu ya majani ya chai. Mama mmoja alikuwa akimjazia binti yake fomu ya chuo, mwisho wa kuituma ukiwa jioni hiyo, skrini ya kompyuta ikageuka bluu tena, kama ilivyofanya tangu asubuhi. Fundi wa saiba akainama asome hapo jina la draiva, ile programu ya kuendesha kifaa, iliyoleta shida. Radi ikanguruma. Mama, kama tunavyofanya sote huku, akachomoa waya ukutani.

"Mama," fundi akasema taratibu, "hapo ndipo ilikuwa inaniambia inaumwa wapi."

"Pole, kijana wangu. Nyumbani ikinguruma tunachomoa."

"Usijaze bado, itakukatia njiani. Wacha tungoje igeuke bluu tena."

Akarudisha waya, mashine ikawaka, ikatulia kabisa. Mvua ya mawe ikapiga mabati, milima ikapotea, nasi tukaikodolea macho, mama amekalia mikono yake. Nimesali mengi, lakini sijawahi kuomba kitu kiharibike.

Mwishowe nyuso zetu zote zikawa bluu.

"Asante Yesu," mama akanong'ona.

Fundi akasoma, akaitoa draiva ya printa mpya, na fomu ikajazwa, ikaenda. Radi ikanguruma tena. Mama akatazama ukutani.

"Sasa nichomoe?"

"Chomoa, mama."