Elfu Nne Mia Nne Arobaini na Nne

Alasiri ile tulikuwa wanaume kumi na mmoja sebuleni kwa mdogo wangu, huku ughaibuni katika mji wa Champlin, na maharagwe yamemwagwa juu ya zulia. Mwanawe alikuwa hospitalini, mjini Saint Paul, fuvu limepasuka. Mtu aliyefanya kazi naye alimpiga kwa chuma cha kufungulia magurudumu, akampiga tena alipokwisha kuanguka. Sisi watu wa Mombasa, mgonjwa akizidiwa, hukutana tukamswalia Mtume mara elfu nne mia nne arobaini na nne, kila mmoja na fungu lake, harage moja kwa kila swala.

Nimesomesha mirathi miaka mingi, kwa hiyo kugawa ndiyo kazi yangu. Idadi hii ni kaidi. Watu wawili wataigawana, na wanne pia. Watatu, inabaki moja. Watano, sita, wanane, kumi, hata kumi na wawili: kila mara zinabaki nne. Elfu nne mia nne arobaini inawakubali wote hao. Ile nne ya mwisho ndiyo inayogoma. Lakini kumi na mmoja huipasua sawasawa, mia nne na nne kila mtu. Nilipoona tumetimia, nilimshukuru Mungu.

Tulikuwa katikati ya kusoma mdogo wangu alipoinuka. Aliingia jikoni akatoka na kisu cha nyama.

"Unakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Najua anakokaa."

Kaka wa mkewe alikwisha simama mlangoni.

"Nipishe, shemeji. Hata siku ya harusi ulinizibia mlango."

"Siku ile ulinilipa nikakupisha. Leo una nini?"

Mdogo wangu alimpiga ngumi ya mdomo, jino likaruka. Shemeji akamkamata kiuno wakaanguka pamoja juu ya mafungu, maharagwe yakatawanyika hadi chini ya kochi, na kisu kikampasua shemeji kiganja. Wanne waliwalalia. Mimi niliukanyaga mkono wa ndugu yangu kwa kisigino, nikausikia ukilia, mpaka ukaachia.

"Someni nyinyi," alisema akihema. "Mimi niacheni."

"Ukitoka tunabaki kumi. Zitabaki nne."

"Hizo nne zisome wewe, kaka."

"Nitazisoma. Mwanao akifumbua macho akakuulizia, nimwambie uko jela gani?"

Alitazama maharagwe. Yaliyosomewa na yasiyosomewa yalikuwa yamechanganyika, mengine yana damu.

"Zimebaki ngapi?" aliuliza.

"Hakuna ajuaye. Tunaanza moja."

Kisu nilikikalia. Yeye alipiga magoti akaanza kuokota, akiyafuta kwa kanzu yake, mkono umemvimba. Alipotimiza mia nne na nne zake alianza kumhesabia shemeji yake, aliyekuwa amefungwa kiganja kwa kitambaa cha vyombo.

Shemeji alitema damu kwenye kikombe, akamwangalia vidole.

"Usinipunje," alisema.