Karakana Tatu za Majeneza

Mume wangu alikuwa seremala Chang'ombe. Mwanzoni tulitengeneza zaidi vitanda na makabati. Jeneza lilikuwa kazi ya mara moja moja, na mfiwa hakuulizwa hela mpaka arudi kutoka makaburini. Mie nilishona kitambaa cheupe cha kutandika ndani.

Ikaja enzi ya ruksa, kila mtu akaachiwa kufanya biashara. Benki zikaanza kukopesha watu kama sisi, na wakati huohuo ule ugonjwa ambao hakuna aliyeutaja kwa jina ukawa umeingia kila mtaa. Mume wangu akaweka nyumba rehani, akanunua karakana ya mzee mmoja wa Kinondoni, na mbao zake na mafundi wake. Kabla hajamaliza deni hilo akakopa tena, akanunua nyingine Ubungo, pamoja na pikapu ya kusafirisha maiti mikoani.

"Nani atatuweza?" aliniuliza, anacheka. Nami nikacheka.

Rejesho lilikuwa kila mwisho wa mwezi. Mwezi mmoja wateja wakapungua. Tulikuwa tunakula mchana, akasema bila kuinua uso, "Mwezi huu umekauka."

"Umekauka nini, baba watoto?"

Akanawa, ugali ukiwa nusu.

Tangu hapo nikawa namwangalia. Jirani akikohoa, aligeuza shingo. Tukienda kumjulia mtu hali, macho yake yalianzia miguuni kwa mgonjwa, yakapanda taratibu hadi kichwani. Niliyachukia macho yale, mpaka siku mdogo wangu alipotoka hospitali akaja kukaa kwetu.

Alikuwa amekonda. Nikamtandikia mkeka uani, nikamkorogea uji. Alipokuwa anakunywa nikayaona mabega yake, na hesabu ikaja yenyewe kichwani: yadi mbili na nusu zinatosha.

"Dada," akasema, "unanipima?"

"Kunywa uji wako."

Hakunilaumu. Aliumaliza wote, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, kama mgeni.

Alifariki wiki ya tatu. Mume wangu alilitengeneza jeneza mwenyewe, kwa mbao za mninga, hakutaka fundi aliguse. Nilikata yadi mbili na nusu. Hakikubaki hata kipande.

Baadaye wauza majeneza wakaota kama uyoga karibu na kila hospitali, bei ikaporomoka, marejesho yakatushinda. Benki ikachukua pikapu, ikachukua Ubungo na Kinondoni. Nyumba tuliiokoa kwa kuuza mashine za karakana ya Chang'ombe, moja baada ya nyingine. Siku aliyopeleka hela ya mwisho, mume wangu alirudi akaketi kizingitini, viatu bado mguuni.

"Nilikuwa naamka asubuhi," akasema, "nasikiliza kwanza wapi wanalia. Kimya kikizidi, naogopa."

Nilitaka kumwambia kwamba hata mie. Nikasimama pale mlangoni, halafu nikaenda kumwekea maji ya kuoga.