Mkaja wa Barke

Mikono ya Nyamvula ilisifiwa Likoni yote. Kwa miaka tisa kazi yake zahanatini ilikuwa kuwasaidia watoto wachanga walioshindwa kunyonya. Ulimi wake ndio uliokosa mafunzo.

Mwaka 1987 alitumwa mtaa wa Shika Adabu kwa Barke, aliyejifungua siku tisa zilizopita. Mtoto, Idarus, alikuwa amekonda uso kama mzee. Mezani palikuwa na kopo la maziwa ya unga na chupa mpya. Barke alilala chali, mkaja, ile leso anayofungwa mzazi tumboni, umekazwa hadi chini ya matiti. Hakuweza kuketi. Mtoto aliwekwa ubavuni, shingo imepinda, angemezaje?

"Nani kamfunga mzazi hivi? Mwataka kuua mtoto?" Nyamvula alifoka.

Bi Mwanarehema, mama mkwe wa Barke, alimtazama juu hadi chini. "Hata shikamoo hukunipa. Nimezaa wanane kwa mkaja huu. Mlango ule."

Nyamvula alitoka akijiona ana haki. Haki alikuwa nayo, lakini haikumtilia mtoto hata tone moja kinywani. Anayesema kweli kwa dharau huifungia mlango kweli yenyewe, na wa kulaumiwa ni yeye.

Kesho yake asubuhi alirudi, akavua viatu mlangoni.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umerudi kututukana?"

"Nimekuja kuomba radhi. Jana nilikosa adabu."

"Na mtaa wenyewe waitwa Shika Adabu!"

Barke alicheka, kisha akajishika mbavu kwa maumivu.

"Mama," Nyamvula alisema, "mimi kufunga mkaja sijui. Huu waweza kushuka kidogo, mzazi akapata kuegemea?"

"Mahali pake ni nyongani," bibi alikiri. "Niliupandisha mimi, nikidhani tumbo litarudi upesi."

Akaufungua, akaufunga upya chini. Barke alivuta pumzi ndefu. Wakamwegemeza kwenye mito. Nyamvula alilegeza nguo alizoviringishwa mtoto, akamlaza tumbo kwa tumbo na mamake, akamshika kidevu kwa kidole.

Idarus alishika ziwa, likamponyoka. Mara ya pili likamponyoka, akalia kwa sauti ndogo, iliyochoka.

"Maziwa sina," Barke alisema, machozi yakimtoka. "Mpeni chupa, yaishe."

Bi Mwanarehema alilitazama kopo. "Ngoja kwanza, mwanangu."

Nyamvula alikamua matone mawili mdomoni mwa mtoto. Ulimi ukatoka, ukayaonja. Safari hii alifungua kinywa wazi, akavuta mara tatu, akapumzika, akavuta tena. Bibi aliinama, sikio karibu na koo la mjukuu.

"Ameza! Wallahi, ameza!"

Aliketi kitandani, akaikunja mikono ya kanzu yake.

"Hicho kidole chakaa wapi hasa? Nionyeshe. Wewe waenda zako. Wa kushinda naye ni mimi."

Nyamvula aliutoa mkono wake polepole, akauweka wa bibi mahali pake.