Dawa Mbili kwa Mwili Mmoja

Nilirudi kijijini Kilema na diploma ya kilimo, fedha za kujenga ghorofa, na maumivu ya mgongo. Diploma niliipata ughaibuni, nikisoma jioni baada ya kufagia vitalu vya maua ya watu, hadi siku nilipokabidhiwa vitalu hivyohivyo nivisimamie. Hakuna aliyenishika mkono. Mgongo nao nilijua ni wa kazi hiyo, na niliuonea fahari.

Kwa hiyo daktari wa Moshi mjini aliponiambia kwamba ni saratani ya tezi dume, na kwamba imeshafika kwenye mifupa, nilimwomba asome tena jina kwenye faili. Akalisoma. Nakumbuka nilitazama viatu vyangu, nilivyoving'arisha asubuhi ile, nikashangaa vimekaa vizuri namna ile miguuni mwa mgonjwa.

Daktari alikuwa binti wa umri wa kifungua mimba wangu. "Mzee, tutaanza na sindano ya homoni," alisema. "Ugonjwa huu unalishwa na homoni ya kiume, na sindano itaizima. Baada ya wiki chache tunaongeza dripu za kemo, dawa kali za saratani, moja kila wiki tatu. Zitakwenda pamoja."

"Kuizima kabisa?"

"Karibu yote. Utapata joto la ghafla, jasho hata kwenye baridi, na mambo ya chumbani yatapungua."

"Karibu chamani," mke wangu akasema. Alikuwa ameketi pembeni yangu. Joto hilo yeye alikuwa nalo mwaka wa tatu, tangu hedhi ikome, na mimi ndiye niliyekuwa nikimcheka anapofungua madirisha mwezi wa Julai.

Sindano niliikubali. Dripu niliikataa. Nilimweleza daktari, taratibu kama ninavyowaeleza wakulima, kwamba mtu aliyesoma hapigi dawa mbili kwa mkupuo. Anapiga moja, anaangalia, na ya pili anaiweka akiba. Jambo lingine sikulisema: dripu ingeninyonyoa nywele na kijiji kizima kingejua, lakini sindano haionekani.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba chembe nyingi za ugonjwa zitanyauka kwa kukosa homoni, ila zimo ambazo hazitajali, na hizo ndizo dripu inazozifuata. Nikisubiri zijae, dripu ileile itakuta kazi kubwa zaidi na mwili dhaifu zaidi.

"Siwezi kukuahidi kupona kabisa, mzee. Nakutafutia miaka. Kwa mtu ambaye ugonjwa umeenea mwilini hivi na bado ana nguvu, mbili kwa pamoja mara nyingi humpa muda mrefu kuliko sindano peke yake."

"Nitafikiria," nikasema. "Mimi utaratibu wangu ni moja moja."

"Kutu ya kahawa unaipigaje?" mke wangu akauliza.

Nikajifanya nasoma faili.

"Baba, daktari anasubiri. Kutu ya majani unaipigaje?"

Nilijua ananipeleka wapi. Mrututu, ile dawa ya shaba ya buluu, hukaa juu ya jani, na dawa ya pili hunyonywa ikaingia ndani. Nazichanganya katika pampu moja, ili kinachoponyoka kwa hii kinaswe na ile. Nimewafundisha hivyo wanakijiji kwenye uwanja wa kanisa, na nimewakaripia wanaong'ang'ania moja. Ndoo ya kuchanganyia huwa anaishika yeye.

"Nachanganya," nikasema.

"Kumbe unajua." Akamgeukia daktari. "Mwandikie zote. Akikataa, kahawa yake naing'oa napanda maparachichi."

Daktari alicheka. Mimi sikuweza. Masikio yalivuma kama yana nyuki. Neno saratani lilikuwa limenipiga, lakini hili lilinipiga vibaya zaidi: elimu niliyoitafuta kwa jasho nilikuwa nimeipindisha dakika ile ile, mbele ya mtaalamu, ili nifiche kichwa chenye upara. Na nilikuwa nimeshaanza kuuamini uongo wangu mwenyewe.

Nikasaini fomu ya dripu. Daktari akaanza maelekezo: damu ipimwe kabla ya kila dripu, na homa yoyote, hata ndogo, nisijitibu nyumbani, nije mara moja, saa yoyote. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena.

Mwishowe nilimpa mke wangu kalamu aandike yeye. Nilikuwa namwona daktari akisogeza midomo, na hakuna neno lililokuwa likinifikia.