Mama Mkwe, Mwewe na Vifaranga wa Zambarau

Mama mkwe wangu alishuka kwenye bodaboda mlangoni petu Mjimwema akiwa amempakata kuku kifuani, amemfunika kwa pembe ya kitenge kama mama anayetoka wodi ya wazazi. Begi lake la nguo lilikuwa limefungwa nyuma kwa mpira, linaning'inia. Hakuligusa. Aliyeingizwa ndani kwanza alikuwa kuku.

"Huyu nisingeweza kumwacha kijijini," alimwambia mke wangu, ambaye ni binti yake. "Anataka kuatamia, na majirani zangu mboga zimewaishia."

Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limeshapasuliwa ila bado halijapona, lingine likisubiri zamu yake, na daktari alikuwa amemwambia asikae mbali na hospitali. Ndivyo nilivyopata mgeni niliyemwogopa kuliko mtu yeyote duniani.

Mimi ni Mhehe wa Iringa. Nilikuja Songea kutafuta maisha, nikafungua duka la vifaa vya ujenzi Mfaranyaki, nikaoa Mngoni. Wahehe na Wangoni ni watani. Mababu walipigana mpaka wakachoka, wajukuu tukarithi kutukanana kwa upendo. Mngoni yeyote anaweza kunisimamisha barabarani akaniuliza mbwa wake nimemla na chumvi au bila chumvi, nami nikacheka na kumjibu yanayomstahili. Lakini kwetu mkwe ni mkwe. Nimelelewa kutomtazama mama mkwe usoni, kutopaza sauti akiwa karibu, na kupita mbali na mahali alipokaa. Sasa huyu alikuwa vyote viwili. Kama mtani, alikuwa na ruhusa ya kunisema apendavyo. Kama mkwe, sikuwa na ruhusa ya kumjibu. Alilijua hilo vizuri sana, na alilitumia.

Kuku aliatamia kwenye kapu nyuma ya mlango wa jiko, akaangua vifaranga wazuri, wa njano na wa kahawia, wepesi kama pamba. Mama mkwe aliwatoa uani asubuhi moja yenye jua, akaweka kigoda chake karibu, akaanza kuchambua maharage. Mimi nilikuwa nafunga viatu nielekee dukani. Ghafla kuku alipiga ukelele mmoja mkavu, kivuli kikapita ardhini, na kabla sijasimama mwewe alikuwa juu ya mikaratusi ya barabarani, kashika kitu kidogo cha njano.

Mama mkwe alisimama na ungo wake, maharage yakamwagika yote.

"Amechukua?" aliniuliza.

"Amechukua, Mama."

"Na wewe mwanamume ulikuwa unafunga viatu."

Nilikwenda kazini nikiwa nimeinamisha kichwa, na kutwa nzima niliwauzia watu misumari huku nikimfikiria yule mwewe. Niliporudi jioni nilikuwa nimepata dawa. Nilichukua miti miwili, nikaifunga msalaba, nikaivisha koti langu la harusi ambalo lilikuwa limenibana tangu mwaka wa pili wa ndoa. Kichwa nikatengeneza kwa mfuko wa saruji uliojazwa majani makavu, nikakivika kofia. Nikalisimamisha sanamu langu katikati ya ua, nikarudi nyuma kulitazama. Nilivutiwa nalo. Lilikuwa na mabega kunishinda.

Kesho yake mke wangu alinifuata dukani kwa miguu, amekunja uso.

"Umemfanya nini mama?"

"Mimi? Sijaonana naye tangu jana."

"Anasema alfajiri amekukuta umesimama uani umevaa koti. Amesimama mbele yako akisubiri shikamoo, umemkodolea macho tu. Amekohoa. Hukujibu. Amekuuliza kama umeamka salama, hukujibu. Amerudi ndani, anasema anafungasha, hawezi kukaa kwa mtu mwenye kiburi namna hiyo."

Nilifunga duka mchana kweupe. Nilipofika nyumbani nilipiga magoti mlangoni, nikatoa shikamoo ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa, nikaeleza. Mama mkwe alisikiliza akiwa amekaa juu ya begi lake. Kisha aliomba kupelekwa uani. Alilipapasa lile sanamu, akashika mkono wa koti, akagonga kichwa chake cha mfuko wa saruji.

"Nilidhani umenenepa," alisema. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kilichomfanya aegemee sanamu lenyewe ili asianguke. Tangu siku hiyo kila alipotoka asubuhi alilisalimia kwanza. "Kamwene," alikuwa akiliambia, kwa salamu ya kwetu, huku akihakikisha nipo karibu nasikia. "Wewe una adabu kuliko mwenzio."

Mwewe naye alilizoea. Siku chache baadaye nilimkuta ametua begani mwa koti langu la harusi, anajikuna kwa mdomo, anawachagua vifaranga kwa utulivu kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

Nilishauri tufuge mbwa. Nililisema hilo mezani kwa mke wangu, kwa sauti ya chini, lakini mama mkwe ana masikio yaliyofidia macho.

"Mbwa!" alisema kutoka chumbani. "Mbwa awalinde kuku, sawa. Na mbwa atalindwa na nani, nyumba yenyewe ina Mhehe?"

Mke wangu aliinama kwenye sahani, mabega yakitikisika. Habari ya mbwa iliishia hapo.

Aliyetuletea ushauri wa maana alikuwa jirani yetu, mama mmoja Myao kutoka Nakapanya, anayesuka mikeka na kuwauzia akina mama wa mtaani. Alikuwa amekuja kuazima kinu. Alisikiliza malalamiko yetu, akarekebisha mtandio wake, akasema: "Alhamdulillah, hilo ni jambo dogo. Mwewe anamjua kifaranga kwa rangi. Mbadilishieni. Kwetu tunawapaka rangi ya ukili, hii ya kusukia mikeka, hawagusi tena. Anaona kitu cha ajabu, anaogopa."

Alituletea pakiti ya rangi yake mwenyewe, zambarau iliyokolea. Jumapili kabla ya misa ya pili tulikaa uani sisi watatu. Mke wangu alikoroga rangi kwenye beseni, mama mkwe alikuwa akiwakamata vifaranga kwa kusikiliza mlio wao, mimi nikawachovya na kuwafuta. Kuku mama alitufokea mwanzo hadi mwisho. Tulipomrudishia wanawe alirudi nyuma, akainamisha kichwa upande mmoja, akawatazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Nilidhani atawakataa. Mmoja akalia, wa zambarau kama wenzake, na ile sauti akaitambua. Akakunjua mbawa, wakaingia wote.

Hakuna aliyeniambia kwamba rangi ya ukili haitoki mikononi. Nilisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa mafuta ya taa. Nilikwenda kanisani nimeitia mfukoni, nikaimba nimeitia mfukoni, na ulipofika wakati wa kupeana amani mzee aliyekuwa mbele yangu aligeuka akaninyooshea mkono. Nilimpa wangu. Aliutazama. Akautazama wa pili.

"Umepiga kura kwa vidole vyote?" alininong'oneza.

Dukani ilikuwa hivyo hivyo wiki nzima. Wapo walioniuliza kama nimeingia biashara ya mvinyo, na bodaboda mmoja alikataa kupokea nauli mkononi, akaniomba niiweke juu ya tangi la mafuta.

Ila ilifanya kazi. Mwewe alikuja, akazunguka juu ya ua, akashuka nusu, akasita. Tulikuwa tumesimama chini tumekodoa macho kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Akazunguka tena, akapanda, akaelekea upande wa mtoni. Mama mkwe aliniuliza kinachoendelea, nikamweleza hatua kwa hatua, na nilipomwambia ameondoka alipiga vigelegele hadi jirani wa Nakapanya akaitikia kutoka kwake.

Furaha hiyo haikudumu. Vifaranga waliendelea kupungua. Mwewe hakuonekana, ukelele haukusikika, lakini kila baada ya siku kadhaa tuliwakuta pungufu. Mama mkwe akaanza kuwashuku paka wa mtaa mzima. Mke wangu akanishuku mimi kwamba nawakanyaga. Pale jirani alipoanza kusema labda rangi imewapoteza vifaranga, hawajijui tena, nilijua tumefika pabaya.

Jumamosi moja nilikuwa bafuni. Bafu letu ni la nje, la mabati, pembeni ya ua, na siku hiyo nilikuwa nimejipaka sabuni mwili mzima, macho nimeyafumba. Nikasikia kuku akipiga kelele, kelele za vita. Nikasikia mama mkwe akiita kutoka jikoni: "Yupo! Yupo! Yupo!"

Sikufikiri. Nilijifunga taulo, nikachukua ndoo ya maji niliyokuwa naogea, nikatoka mbio. Pale uani, kwenye boksi tulilowawekea vifaranga, alikuwepo nguchiro, mwembamba, mkia umesimama, mdomoni ana kifaranga wa zambarau. Kuku mama alikuwa amemrukia mgongoni anamchoma kwa mdomo. Nilimwaga ndoo nzima. Maji yalimpata nguchiro, yakampata kuku, yakapata kila kitu. Nguchiro alimwachia kifaranga, akakimbilia kwenye ua wa michongoma, na wakati huohuo mama mkwe alitokea jikoni na mwiko wa ugali, akaurusha kwa nguvu zake zote kuelekea kwenye kitu alichokiona kikisogea.

Kilichokuwa kikisogea ni mimi. Mwiko ulinipiga begani, na ugali wa moto ukabaki hapo hapo.

"Nimempata?" aliuliza.

"Umenipata mimi, Mama."

Nilijitazama. Nilikuwa nimesimama mbele ya mama mkwe wangu na taulo ambalo halikuwa kubwa, povu kichwani, viganja vya zambarau na ugali begani. Nilitamani yule mwewe arudi anichukue mimi. Mama mkwe alinitazama kutoka juu hadi chini, taratibu, kwa lile jicho lake lililotoka hospitali.

"Usihangaike, mwanangu," alisema. "Mimi sioni vizuri. Naona ukungu tu."

Akageuka, akaenda moja kwa moja kumwokota kifaranga aliyelala chini ya majani, mahali ambapo hata mimi sikuwa nimemwona. Alikuwa hai, amelowa, bawa limechubuka. Mama mkwe alimkausha kwa kanga yake, akaniagiza akiwa amenipa mgongo: "Nenda ukavae. Halafu uje unionyeshe kapitia wapi."

Nilikuja nimevaa shati lenye mikono mirefu na nimefunga vifungo vyote. Tuliinama pamoja kwenye michongoma, tukaona tundu chini ya shina, limesuguliwa likang'aa kwa kupitwapitwa. Alipitisha vidole vyake pale, akatingisha kichwa.

"Huyu si mgeni. Huyu ni mpangaji," alisema. "Sasa niambie, wewe unauza nini kule dukani?"

"Misumari, Mama. Saruji. Mabati. Koleo."

"Na nini?"

"Na wavu wa kuku."

Kila jioni nilikuwa nikiweka pembeni kipande cha wavu cha kupeleka nyumbani, na kila mara akitokea mteja wa mwisho akikitaka, nikimuuzia. Mganga hajigangi. Jumatatu nilirudi na wavu, mbao na bawaba, nikaanza kujenga banda. Mama mkwe aliweka kigoda chake karibu yangu, si mbali kama desturi inavyotaka, akasimamia. Aliniamuru nichimbe mtaro kuzunguka banda, niufukie wavu ardhini, nipange mawe juu yake, kwa sababu nguchiro huchimba. Aliniambia matundu ya wavu niliouleta ni makubwa mno, nikabadilisha. Paa nalo nikalifunika kwa wavu. Kila nilipopigilia msumari alipitisha kiganja pale akitafuta upenyo, na alipoupata alinigonga goti, nami nikapigilia mwingine.

Katika kazi hiyo tulizungumza. Aliniambia marehemu mumewe alimposa kwa mitetea na jogoo mmoja mkorofi aliyemdonoa baba yake siku ya barua. Nilimweleza bibi yangu wa Iringa alivyokuwa akilala na kuku chumba kimoja kwa kumwogopa kicheche. Siku moja alinichokoza tena kuhusu mbwa, na kabla sijajizuia nikamjibu: "Mama, mimi nimeacha mbwa tangu nilipooa Mngoni. Panya mnaotupikia wanatosha."

Nyundo ilibaki hewani. Mke wangu, aliyekuwa akianika nguo, aligeuka mdomo wazi. Mama mkwe akapiga makofi.

"Kumbe ana ulimi!" alimwambia binti yake. "Miaka yote hii nilidhani nimemwoza mwanangu kwa bubu."

Vifaranga walikua ndani ya banda. Manyoya mapya yalipoota zambarau ilibaki kwenye ncha za mbawa, kwa hiyo kwa muda tulikuwa na kuku wenye madoa ambao watu walisimama barabarani kuulizia ni mbegu gani. Jirani wa Nakapanya aliwajibu kwa niaba yetu kuwa ni mbegu kutoka nje. Nguchiro alirudi, tuliona alama za kucha kwenye mawe, lakini hakuingia.

Jicho la pili lilipopona mama mkwe alitaka kurudi kwake kabla ya mvua, awahi kupanda mahindi. Nilimsindikiza stendi. Kuku wake alimwachia binti yake, akachukua mitetea wawili wadogo, kila mmoja na doa lake. Kabla ya kupanda basi alinitazama usoni, nami kwa mara ya kwanza sikukwepesha macho.

"Unajua uso wako sikuwa naujua," alisema. "Si mbaya."

Siku hizi hunipigia simu mimi, si binti yake, na mke wangu hulalamika. Juzi alipiga nikiwa napimia mteja waya.

"Mwanangu, kenge," alisema bila salamu. "Anakula mayai. Nimfanyeje?"

"Subiri, Mama," nilimwambia. Nikamwomba mteja radhi, nikavuta kiti nyuma ya kaunta. "Sasa nieleze. Anatokea upande gani?"