Kanda Iliyozibwa Karatasi

Miaka ya mwanzo ya themanini nilikuwa fundi wa magari Karatu, na rafiki yangu alikuwa mhudumu wa baa katika hoteli moja kule juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Wageni walimwachia kanda za muziki. Akishuka kwa mapumziko tulizisikiliza gereji, kwenye redio yangu ya kaseti.

Nyingi zilikuwa za mtu mmoja, Mmarekani mweusi, lakini ilituchukua muda kuamini kwamba ni mmoja. Kwenye kanda hii aliimba muziki wa soul kwa sauti ya kanisani. Kwenye ile alipuliza saksafoni, jazi tupu, bila neno hata moja. Kwenye nyingine alipiga kinanda taratibu, kama mtu anayepapasa mezani kutafuta kiberiti.

"Hawa ni ndugu watatu," rafiki yangu alibisha.

"Ndugu gani wanavuta pumzi sawasawa? Sikiliza, kabla ya kuanza anaguna."

Akasikiliza, akacheka. "Kweli bwana, anaguna kama wewe ukiwa chini ya lori."

Kanda moja ilikuwa na vyote. Anaimba, anaacha, halafu saksafoni inamalizia yaliyomshinda kusema. Hiyo niliitia tone la rangi nyekundu ya gari, nikavunja vile vipande viwili vidogo vya mgongoni ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Tukiisikiliza tulipanga safari. Tungekwenda Dar pamoja tutafute bendi. Yeye alikuwa na sauti, mimi ningejifunza saksafoni.

"Niazime nimsikilizishe mgeni mmoja," akasema siku moja. Nikampa. Hakushuka tena, na hotelini wakaniambia ameacha kazi.

Siku ya soko la mnada mama yake akaja gereji kutoka kijijini kwao Baray, ana kikapu cha vitunguu na ile kanda yenye tone jekundu.

"Mwanangu, nasikia una redio. Humu mna sauti ya mwenzio, nichezee nimsikie." Akanishika bega. "Na usione aibu. Safari si ya kila mtu."

Sikumwelewa. Nikaigeuza kanda. Matundu ya mgongoni yalikuwa yamezibwa kwa karatasi iliyotafunwa, ili irekodike tena.

Nikaiweka. Wakasikika kuku, kisha baba yake akiomba Mungu amlinde kijana njiani mpaka Dar. Kisha mama mwenyewe: "Na yule mwenzio fundi, mbona hayupo?"

Sauti niliyoijua ikajibu bila kusita: "Nimembembeleza mpaka nimechoka, mama. Ameogopa."

Watu wakacheka mle kandani. Hata mama, pale alipoketi juu ya tairi, alicheka kidogo huku machozi yakimtoka. Maombi yakaisha, kitufe kikalia, na saksafoni ikaibuka katikati ya wimbo. Kilikuwa kipande cha mwisho tu, ambacho rekodi yao haikukifikia.

"Huyo nani tena? Zima."

"Subiri kidogo, mama."

Akasubiri. Ilipokata, akaniuliza kwa upole, "Hivi, uliogopa nini hasa?"

Ningeweza kumwambia kwamba aliondoka bila hata kuniaga. Karatasi ilikuwa bado kwenye matundu, ningemwonyesha. Lakini hakuwa na sauti nyingine ya mwanawe.

"Niliogopa mji, mama."

"Basi," akasema, akaniachia vitunguu.

Alikuja kila mnada. Kila mara nilikaa naye, nikasikia nilivyoogopa na watu wakicheka, ili nifike kwenye kile kipande.

Nimezunguka miji mingi tangu wakati huo, Dar ikiwamo, na mwenzangu sikumtafuta. Kanda za yule Mmarekani nilizinunua kila nilipozikuta, na siku moja nikaupata ule wimbo mzima. Naupiga mara chache. Nikiuwasha, kabla hajaanza kuimba, nasubiri kuku walie.